Harufu ya Pilau Siku ya Jumanne

Siku za kazi, chakula cha usiku katika nyumba nyingi za Dar es Salaam hupikwa na mtu aliyechoka. Vitabu vya mapishi hulipita jambo hili kimya. Mpishi wao amelala vizuri, ameenda sokoni asubuhi, ana saa tatu mbele yake na vibakuli vidogo vilivyopangwa mezani, hiki cha iliki, hiki cha mdalasini. Mpishi wa Jumanne hana saa tatu. Ameshuka kwenye daladala saa kumi na mbili na nusu, mkononi ana fungu la nyanya alilonunua kando ya barabara, nyumbani kuna mtoto anayesubiri kuelekezwa hisabati, kuna sare za kufua, na mtungi wa gesi umekuwa mwepesi. Maharage yamechemshwa tangu jana. Kilichobaki ni kuyaunga. Hapo ndipo mtu anayejua kupika, aliyefundishwa na mama yake na akafundishika, hujikuta amesimama mbele ya jiko bila wazo. Ujuzi anao. Kilichomwishia ni nguvu ya kuamua, maana tangu alfajiri amekuwa akiamua tu.

Ndiyo sababu naiheshimu chupa ya viungo. Nasema juu ya ule mchanganyiko mmoja wa nyumba, uliosagwa pamoja, ambao mtu huchota kijiko akatia kwenye karibu kila kitoweo cha wiki. Wapo wanaouhesabu kuwa uvivu. Mimi nauona kuwa uamuzi uliotangulia. Mtu aliyepumzika, ambaye pua yake iko macho na ulimi wake una subira, ameamua mapema kwa ajili ya mtu atakayechoka. Na mara nyingi hao wawili ni mtu yule yule, wa Jumamosi asubuhi na wa Jumanne usiku.

Watu wa pwani walilijua hili kabla paketi hazijafika dukani. Katika nyumba nyingi za Tanga, Mombasa na Unguja, siku za mwisho za Shaabani huwa siku za viungo. Binzari nyembamba huanikwa juani kwenye sinia, huchambuliwa vijiti na vijiwe, hukaangwa bila mafuta, hutwangwa au hupelekwa mashineni, kisha hutiwa kwenye makopo yenye vifuniko vinavyokaza. Tangawizi na kitunguu saumu husagwa kwa wingi vikawekwa kwenye friji. Hakuna anayewaita wanawake hao wavivu. Kila mtu anaelewa kwamba mpishi wa Ramadhani hupika futari akiwa na njaa na kiu, na wengi hawataki kabisa kuonja mpaka adhana ya magharibi. Mkono wake lazima utegemee kitu alichokipima akiwa ameshiba. Mfungo, kwa upande wa kupika, unafanana kwa mengi na Jumanne ya mtu wa mjini, na sioni kwa nini hekima iliyokubalika kwa mwezi mmoja ionekane upungufu katika miezi kumi na mmoja.

Kwa majirani na ng'ambo ya bahari ni vivyo hivyo. Waomani wana bizari yao ya nyumba, Wasomali wana xawaash, Wahabeshi wana berbere nyekundu inayoingia kwenye michuzi mingi, na India kila nyumba ina masala yake ambayo jirani hana. Kilichokuja baadaye ni kuuza mchanganyiko mmoja kwa watu wote. Mwaka 1784 duka moja la manukato mtaa wa Piccadilly, London, lilitangaza gazetini unga wa kupikia mchuzi wa Kihindi, kwa Waingereza waliozoea ladha hiyo wakiwa India na sasa hawakuwa na mpishi wa kuwasagia. Unga ule ulitoka nyumbani ukaingia kwenye rafu, na aliyeununua hakumjua aliyeamua kilichomo.

Uchovu wa jioni nao una historia, na historia hiyo inapita viwandani. Sheria ya viwanda ya Uswisi ya mwaka 1877 iliipunguza siku ya kazi ikawa saa 11, na hiyo ilihesabiwa kuwa nafuu kubwa. Mwanamke aliyetoka kiwandani jioni hakuwa na muda wa kukaa na sufuria ya kunde mpaka ziive, na chakula cha familia za wafanyakazi kilizidi kuwa duni. Fridolin Schuler, daktari aliyekuwa mkaguzi wa viwanda, alihimiza vyakula vya jamii ya kunde vinavyoiva haraka. Mwenye kinu mmoja, Julius Maggi, akaanza kutengeneza unga wa kunde uliokwisha kuandaliwa, mwaka 1886 akatoa supu za unga na kile kiungo cheusi cha chupa, na mwaka 1908 kikafuata kile kipande cha mraba ambacho leo kiko kwenye kila kibanda kuanzia Dakar mpaka Kigoma. Nayakumbuka haya kila ninaposikia mtu akisema wanawake wa siku hizi hawapiki. Kipande kile kilizaliwa kwa sababu kiwanda kilimchukua mama mchana kutwa na hakikumrudishia jioni yake. Anayetaka kulaumu na aanzie hapo.

Hata hivyo, jibu la kiwanda silikubali lote. Geuza paketi ya unga wa mchuzi usome nyuma. Kwa kanuni za vifungashio, viambato hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia. Mara nyingi chumvi iko mwanzoni, ikifuatwa na wanga wa mahindi, sukari na kikoleza ladha. Giligilani, manjano na binzari nyembamba, ambavyo ndivyo vimechorwa kwa rangi mbele ya paketi, huja nyuma kabisa. Sisemi kwamba paketi ni sumu. Nasema imeamua kwa ajili ya watu isiowajua. Haimjui babu mwenye presha anayekula meza moja na sisi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na katika kijiko hicho tayari kuna chumvi ya mkate wa asubuhi na ya chipsi za mchana. Kuna na ubaya mwingine, wa kiufundi, ambao haunenwi sana: chumvi ikishachanganywa na viungo, mpishi hawezi tena kuongeza harufu bila kuongeza chumvi. Anataka maharage yanukie zaidi, anachota tena, na sasa yamekolea kupita kiasi. Mikono yake imefungwa pamoja. Ndiyo maana sharti langu la kwanza kwa chupa ya nyumbani ni kwamba isiwe na chumvi hata chembe.

Sharti la pili ni kununua punje, sio unga. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo yao kutoka Bangladesh: manjano yalikuwa yakipakwa rangi ya kromati ya risasi ili yang'ae, na risasi hiyo ilionekana kwenye damu ya watu. Serikali ya huko iliingia masokoni na kulipiga vita jambo hilo. Huko walianza kuyapaka hata yakiwa mazima, kwa hiyo punje peke yake hazitoshi kuwa kinga. Lakini mbegu ya giligilani, punje ya pilipili manga au karafuu yenye kichwa chake mtu anaweza kuitazama, kuivunja na kuinusa kabla hajatoa pesa. Unga ukishakuwa unga unamtaka mnunuzi amwamini kila aliyeupitisha mkononi.

Jumamosi moja nilimpigia mama, Tanga, sinia ikiwa mbele yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Nasaga viungo. Karafuu niweke ngapi?"

"Giligilani umetia kiasi gani?"

"Vijiko vikubwa vinne."

"Basi sita zinakutosha. Ukitia kumi, wajukuu zangu watadhani wanakula dawa ya meno."

Hakukosea hata kidogo. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eugenoli, ile ile ambayo waganga wa meno huitumia kutuliza maumivu, na nguvu yake haimpi mwenzake nafasi ya kusema. Katika mchanganyiko wa kila siku, hodari ndio wanaopaswa kupunguzwa. Ninachokitia mimi ni hiki: vijiko vikubwa vinne vya mbegu za giligilani, viwili vya binzari nyembamba, ambayo wengine huiita jira na wengine uzile, kimoja cha pilipili manga, kijiko cha chai cha mbegu za iliki zilizotolewa maganda, kijiti cha mdalasini chenye urefu wa kidole, zile karafuu sita za mama, na mwishoni kijiko kikubwa cha manjano niliyoyasaga mwenyewe. Uwatu nimeuacha kwa makusudi, kwa sababu uchungu wake unapendeza kwenye samaki na unaharibu nyama ya kusaga. Pilipili kali nayo iko nje, maana kuna mtoto mezani. Giligilani ndiyo inayobeba wengine. Ni pole, ina utamu wa mbali kama wa maganda ya chungwa, na wingi wake ndio unaoufanya mchanganyiko uweze kuingia kwenye mboga za majani bila kuzigeuza kuwa kitu kingine.

Kukaanga kuna adabu yake. Moto mdogo, kikaango kizito, na kila kiungo kwa wakati wake, kwa sababu binzari nyembamba huungua giligilani ikiwa bado inapasha mwili. Dalili ni pua, kabla ya macho: kuna dakika ambayo harufu inaacha kuwa ya ghala na inakuwa ya chakula. Hapo hapo toa, mimina kwenye sinia baridi, kwa maana kikaango chenye joto kinaendelea kupika hata moto ukizimwa. Halafu ngoja vipoe kabisa. Ukivisaga vikiwa na moto, mvuke unabaki kwenye unga, na unga wenye unyevu hugandana na huota ukungu. Chupa iwe kavu, ndogo, na ikae kabatini, mbali na jiko. Ile rafu ya juu ya jiko ambayo wengi wetu tumeitengea viungo ndiyo mahali pabaya kuliko pote, kwa joto na mvuke wake. Wala usiitikisie juu ya sufuria inayochemka. Chota kwa kijiko kikavu.

Najua haya yote yanasikika kama kazi nyingi kwa mtu anayetafuta nafuu. Ni kazi ya chini ya saa moja, mara moja kwa mwezi au miwili, na sababu ya kutosaga ya mwaka mzima iko kwenye kiungo chenyewe. Harufu ya viungo ni mafuta mepesi yanayopaa hewani. Punje ikiwa nzima, imeyafungia ndani. Ukiisaga umeifungulia milango elfu kwa wakati mmoja; unanukia vizuri siku hiyo kwa sababu ndiyo siku unayopoteza zaidi. Kopo la unga lililokaa tangu Idi iliyopita bado lina rangi, na rangi humdanganya mpishi kwamba kazi inafanyika.

Sasa turudi kwa mpishi wa Jumanne na maharage yake. Kosa la haraka ni kumimina kijiko cha viungo kwenye maji yanayochemka. Sehemu kubwa ya harufu hizi huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo viungo vinavyotupwa kwenye mchuzi mwepesi hubaki kama vumbi, vinakwangua ulimi. Kitunguu kikaangwe kwanza mpaka kingoni kiwe rangi ya dhahabu. Kitunguu saumu kifuate. Kisha kijiko cha chupa, juu ya mafuta, kwa nusu dakika hivi, mwiko ukizunguka bila kusimama. Jiko zima litajua. Hapo nyanya ziingie mara moja, kwa sababu maji yake ndiyo yanayouokoa unga usiungue. Baada ya hapo mtu anaweza kumwangalia mtoto na hisabati yake, maharage yatajimaliza.

Lawama ninayoisikia mara nyingi ni kwamba kwa chupa moja vyakula vyote vitakuwa na ladha moja. Ingekuwa kweli kama kiungo kingeliwa peke yake. Kijiko hicho hicho kikikutana na tui la nazi kinapoa, kinakuwa cha upole, mchicha unaliwa nacho vizuri. Kikikutana na ukwaju kinaamka, na bamia au samaki wa kupaka wanakitaka hivyo. Kwenye viazi vya kukaanga kwa kitunguu tupu, bila nyanya, mdalasini ndio unaosikika. Kwenye nyama ya kusaga yenye ndimu iliyokamuliwa mwishoni, pilipili manga inajitokeza mbele. Dagaa waliokaangwa wakakauka hawataki viungo ndani ya mafuta kabisa. Wanataka nusu kijiko kinyunyizwe wakiwa wameshatolewa, wangali na moto. Nimefika mahali pa kuamini kwamba kinachokifanya chakula cha Alhamisi kisiwe cha Jumanne ni uchachu na mafuta, na wakati wa kutia, kuliko orodha ndefu ya viungo. Mpishi mwenye chupa moja, ndimu, ukwaju na nazi ana wiki nzima mkononi. Mwenye makopo kumi na manne asiyejua uchachu anarudia chakula kile kile kwa majina tofauti.

Lawama nyingine ni nzito zaidi, na siwezi kuipita haraka. Nilipokuwa mdogo, harufu ya binzari nyembamba iliyokaangwa pamoja na karafuu na mdalasini ilikuwa na maana moja. Ni Idi, au ni Krismasi kwa jirani, au kuna harusi, au kuna maulidi. Pilau haikupikwa tu. Harufu ilivuka ukuta ikawaambia watoto wa mtaa kwamba leo kuna jambo, na mtoto aliyetumwa dukani alipita mlango hadi mlango akijua nani anasherehekea. Bibi yangu alikaa na kinu uani, na mpigo wa mchi wake ulikuwa tangazo. Leo harufu hiyo hiyo inatoka kwenye maharage ya siku ya kawaida. Mwanangu mdogo haihusishi na sikukuu yoyote. Kwake ni harufu ya kurudi kutoka shule.

Hapo kuna kitu kimepotea, na sitaki kujifariji kwa kusema kimebadilika tu. Sikukuu huishi kwa sababu kuna kitu kilichozuiliwa siku nyingine. Ukikitoa kizuizi, furaha haizidishwi kwa idadi ya siku; inagawanywa. Mama yangu analisema hili kwa lugha yake, kwamba siku hizi watu wanakula pilau kama wanavyokula mhogo. Kwa hiyo nyumbani kwetu tumeweka mipaka. Kungumanga haiingii kwenye chupa. Zafarani, tukiipata, haiingii. Na viungo vizima vya pilau vina kopo lao: vijiti vya mdalasini, iliki zilizopasuliwa mdomo, karafuu na pilipili manga ambazo mlaji hukutana nazo kwa meno akazitoa pembeni mwa sahani. Pilau ya sikukuu inapikwa kwa hizo, na kinu kinatolewa. Blenda hairuhusiwi siku hiyo hata umeme ukiwepo. Watoto hulalamika kwamba mikono inauma. Ndivyo inavyopaswa, kwa sababu sikukuu ina haki ya kutuchosha, na Jumanne haina.

Nimesema mchanganyiko ni uamuzi uliotangulia. Lakini kilichotangulia ndani ya kijiko kile ni zaidi ya uamuzi wangu. Kuna mikono. Karafuu za Pemba huchumwa kabla ya kuchanua, kikonyo kwa kikonyo, na mchumaji aliyepanda juu ya mti mrefu kuliko nyumba. Likipita juma moja la kuchelewa, ua hufunguka na thamani huanguka. Huchambuliwa vikonyo usiku, huanikwa kwenye majamvi siku kadhaa mpaka wekundu wake uwe kahawia, na mvua ikitishia familia nzima hukimbia kuziingiza ndani. Msimu wa uchumaji, mtu hunusa Wete kabla hajaiona. Iliki ya Usambara hukomaa punje moja moja kwenye shina lile lile, kwa hiyo mchumaji hurudi na kurudi, akiinama kwenye kivuli chenye utelezi. Binzari nyembamba ya madukani kwetu kwa kawaida imesafiri kutoka India, kwenye mashamba makavu ya Gujarat na Rajasthan, ambako mvua moja ya wakati mbaya huleta ukungu ukamaliza shamba. Mdalasini ni gome lililobanduliwa kwa kisu na mtu aliyekaa chini akiwa na kijiti mapajani.

Na karafuu ina historia ambayo haifai kuisaga bila kuijua. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Waholanzi waliilinda kwa silaha mpaka Mfaransa Pierre Poivre alipofanikiwa kuleta miche Mauritius mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Chini ya Sayyid Said mashamba yalienea, na yalienea kwa jasho la watumwa waliotolewa bara, watu wa nchi ambazo leo tunaziita Tanzania, Malawi, Kongo, Msumbiji. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikabaki ndiyo mama wa karafuu. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria visiwani mpaka mwaka 1897. Sileti habari hizi kuitia huzuni meza ya chakula. Nazileta kwa sababu urahisi wa jioni yangu umejengwa juu ya kazi ya watu ambao jioni zao hazikuwa rahisi, na hata leo mchumaji wa karafuu anastahili bei inayolingana na ule urefu wa mti. Ninaponunua kwa muuzaji karafuu nzima nzuri, nikalipa anachosema bila kumkaba kwa shilingi mia mbili, ndicho kidogo ninachoweza kufanya nikiwa Kariakoo.

Kuna swali lililo karibu zaidi, nalo ni la ndani ya nyumba. Kama aliyesaga Jumamosi na anayepika Jumanne ni mwanamke yule yule, chupa imehamisha uchovu wake tu, kutoka siku moja hadi nyingine. Nimeona nyumba za namna hiyo. Mama anasifiwa kwa kujipanga, na sifa hiyo inamwongezea zamu. Mahali pengine mzigo umeshushiwa dada wa kazi, ambaye uchovu wake haumo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Nafuu ya kweli ya chupa, kwa ninavyoona, inaanza pale inapofungua jiko kwa wengine. Kijana wangu wa kidato cha pili hakuweza kuunga maharage zamani, na sababu haikuwa uvivu. Kila alipouliza aliambiwa atie viungo kiasi, na kiasi ni elimu ya miaka ishirini ambayo hakuna aliyempa. Kwenye chupa kiasi kimeshawekwa. Yeye alihitaji kufundishwa mambo matatu: kitunguu kiwe rangi gani, mwiko usisimame, nyanya ziingie lini. Sasa zamu yake ya Jumanne anaishika, nami nikifika nakuta harufu imeshanitangulia mlangoni.

Ila kumwachia mtu chupa iliyojaa uamuzi wa mwingine hakutoshi. Angebaki mtumiaji, kama yule wa paketi, hata kama paketi yake imetoka kwa mama. Kwa hiyo Jumamosi tunakaa wote. Yeye ndiye mwenye kikaango, kwa kuwa pua yake imejifunza ile dakika ya binzari nyembamba kuliko pua ya baba yake. Baba anasaga na kuchekecha. Mdogo wake anaandika tarehe kwenye kipande cha plasta na kukibandika. Mwezi huu kumezuka mvutano. Kijana anataka iliki iongezwe mpaka vijiko viwili vya chai. Mimi nimesema iliki ikizidi maharage yatanukia kama chai ya maziwa. Baba yake kajitia upande wa kijana, na mama yangu, aliyeulizwa kwa simu bila idhini yangu, amejibu kwamba wajaribu kidogo kwanza, kwenye chupa ya pembeni. Chupa ya pembeni imeshasafishwa na kukaushwa. Jumamosi ijayo wao ndio watakaopima, na Jumanne nitakula watakachokuwa wameamua.